Mumiani Mwenye Mizani

Teodosia Ñahui hakuwa mtu wa kuamini kitu kwa kukitazama upande mmoja. Ukimpa kiazi atakigeuza, atakinusa, atakikwaruza kwa ukucha, halafu atakuuliza mbona umempa. Mume wake alipokuja kumposa alimwambia asubiri majira yote ya mwaka yapite, maana mwanamume anaweza kuwa mwema wakati wa mavuno na akageuka barafu ikianza kushuka. Akasubiri, yule maskini. Wakaoana, wakazaa, wakazeeka kidogo, akafa. Na watu wa Antaqocha wanaapa kwamba kabla ya kumfunika Teodosia alimfinya kidole cha mguu, ahakikishe kwamba hadanganywi.

Antaqocha iko juu mno. Upepo wa huko ukikasirika unamvua mtu masharubu, anakwenda kuyaokota kwa jirani. Mashamba yamening'inia ubavuni mwa mlima, na mkulima akiteleza wakati wa kupanda anafika bondeni watu wakipalilia. Kinachokubali kuota ni viazi, na shayiri kidogo ya supu. Vingine vimejaribu vikaona baridi vikarudi.

Zamani viazi hivyo vilikula samadi ya kondoo. Kisha wakapita wataalamu wenye viatu safi, wakasema samadi ni mambo ya kale, wakaleta mbolea nyeupe ya dukani. Kwa kweli viazi vilinenepa. Watu wakauza kondoo, wakabakiza wachache wa sufu, na ardhi ikaizoea mbolea ile kama mlevi na chupa yake. Mwaka mmoja mbolea haikupanda mlima. Mwenye duka wa mji wa bondeni alisema kwamba ng'ambo ya bahari kuna nchi zinapigana, na kwamba mbolea, ngano na mafuta ya kupikia vilikuwa vikitoka upande huo.

Teodosia alimtazama sana. Alitaka kuambiwa vita vya watu asiowajua, ambao hawajaonja supu yake wala kumkanyagia mfereji wake wa maji, vimepandaje mlima hadi kuingia kwenye gunia lake. Mwenye duka akajibu kwamba hata yeye haelewi vizuri, amesikia redioni. Hapo ndipo Teodosia alipopata hakika kwamba anaficha. Akazunguka nyuma ya duka, akachungulia kila tundu, akapiga magoti na kunusa chini ya mlango, maana mbolea ile ina harufu ya mkojo inayokaba koo. Hakunusa kitu ila paka. Akarudi mlimani akiwaambia watu kwamba yule bwana ni fundi, ameficha mpaka harufu.

Viazi vya mwaka ule vilitoka vidogo. Kuku walividonoa wakidhani ni punje. Epifania, jirani wa Teodosia na shoga yake tangu wakichunga pamoja, alisema alibandika sufuria, akageuka kuchukua chumvi, na aliporudi viazi vilikuwa vimetokea kwenye tundu la sufuria na kukimbia. Huyo ni Epifania, mpunguzie nusu. Lakini nusu iliyobaki ilikuwa kweli. Mashimo ya kuhifadhia viazi yalibaki matupu kabla ya baridi kuanza. Mwanzoni watu walitia maji kwenye shayiri, baadaye wakawa wanatia shayiri kwenye maji.

Nyumbani kwa Teodosia walikuwa wawili, yeye na mjukuu wake Wayta, mtoto aliyeanza kusema maneno yote na kuyachanganya. Mama yake, Nélida, alikuwa akishona nguo kiwandani Lima, mji mkuu. Mwaka wa ule ugonjwa uliowafanya watu wafunike pua, kiwanda kilifungwa, mabasi yakasimama, na Nélida akaupanda mlima kwa miguu pamoja na umati wa watu waliokuwa wakirudi makwao, mtoto mchanga mgongoni. Alimwacha kwa bibi, akashuka tena kutafuta kazi. Alipokuwa akiondoka hakutoa maagizo mengi. Alisema tu, "Mama, ale vizuri," na Teodosia akajibu kwa ukali kwamba yeye alimlisha nani basi, kama si huyo huyo Nélida aliyesimama hapo na mashavu yake.

Sasa mashavu yalikuwa yakienda. Si ya mtoto peke yake. Wanawake wa Antaqocha huvaa sketi tatu nne, moja juu ya nyingine, na mwaka ule zote zilianza kuteleza. Walitembea wamezishika kiunoni kama watu wanaovuka mto. Nywele za Wayta zikapauka zikawa nyekundu kama ndevu za mahindi. Mtoto aliyekuwa akimfukuza mbwa mpaka mbwa anaomba msamaha, sasa alikaa mlangoni akimtazama anavyopita.

Siku moja Teodosia na Epifania walikuwa wamekaa juani wakimenya vile viazi, kazi iliyotaka macho makali, na redio ya Epifania ikasema mafuta ya kupikia yameadimika duniani kote. Teodosia akaacha kisu hewani.

"Epifania, mafuta yetu yanakwenda wapi?"

"Mafuta gani? Mimi chupa yangu ilikwisha zamani, naisuuza tu."

"Ya mwilini, mama. Tizama sketi zetu. Mtu hapotezi kitu kikubwa hivyo kikakosa mwenye kukiokota. Dunia imeishiwa mafuta, wanasema. Na ndege mbona zinaruka? Mashine zao wanalainisha kwa nini? Unadhani wakubwa wamekubali kula kavu?"

Epifania alijitazama tumbo, halafu akaizima redio, kana kwamba ilikuwa ikiwasikiliza.

Kila mtu kule juu amelelewa akimwogopa mumiani wa milimani. Huyo hana haja na damu. Anataka mafuta ya mtu, na anapenda walionona. Huja kama mgeni mpole, peke yake, na ana unga uliosagwa kwa mifupa ambao akikunyunyizia unalala na kumpenda. Bibi zao walisema mafuta hayo yalipakwa kengele za makanisa zilie vizuri. Mama zao wakasema ni ya treni. Teodosia aliposema sasa ni ya ndege, hakuna aliyeona ameongeza chumvi. Aliona mwenyewe, kwa akili zake, kwamba mambo yameungana: mbolea, vita, mafuta, sketi. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka ule uanze, alilala akiwa ameelewa.

Haikupita hata wiki, mumiani akaja na pikipiki.

Alijiita Edilberto Sulca. Alikuwa kijana mwembamba mwenye kofia ya zahanati ya ng'ambo ya mlima, na alibeba mizani ya kuning'iniza yenye ndoano, kama ya mwuza nyama, na chini ya ndoano kuna kisuruali cha kuwatia watoto. Alikuwa na utepe wa rangi wa kupima unene wa mkono. Na alikuwa na pakiti za unga. Teodosia alimwona tokea kilimani alipokuwa na kondoo wake wachache, akaona ndoano inavyometa, akanyakua pembe ya ng'ombe ambayo hupulizwa mvua ya mawe ikikaribia kuja, akaipuliza mpaka macho yakataka kudondoka. Kijiji kizima kilimwelewa. Wanawake waliwatia watoto kwenye mashimo ya viazi, ambayo mwaka ule yalikuwa na nafasi ya kutosha, wakawafunika kwa majani makavu na kuwaahidi kibao atakayekohoa.

Edilberto alipoegesha pikipiki alikuta wanawake wamepangana ukutani wakisokota sufu. Akasalimia, akaitikiwa kwa pua. Akasema ametumwa kupima watoto, kwa sababu mwaka ni mbaya, na wale watakaoonekana wamedhoofu watapewa chakula. Akaambiwa Antaqocha haina watoto. Wameisha.

"Na zile suruali ndogo kwenye kamba?" akauliza.

"Sufu yetu hiyo, bwana mdogo," alisema Epifania. "Ukiifua tu inarudi ndani. Ile ya kijani ni ya mume wangu."

"Ile iliyopasuliwa tundu nyuma?"

"Ana tumbo baya. Hupenda kuwahi."

Mwanamke mmoja alizika uso kwenye sufu yake. Kijana hakucheka. Alitazama kamba ya nguo, akawatazama wanawake, na Teodosia akaona macho yake yanavyopita kwenye viuno vyao na kusimama. Anapima, alijisemea, anapima hata bila mizani. Mwishoni Edilberto aliweka pakiti chache za unga juu ya ukuta wa mawe, akaeleza namna ya kuukorogea uji, akasema atarudi baada ya siku chache. Teodosia alimwambia barabara ni mbovu, asijisumbue.

Pakiti moja aliichukua yeye, aijaribu. Chini ya kitanda chake cha mawe walilala simbilisi wake wa mwisho, wale panya wanene wasio na mkia ambao kila jiko la kule huwafuga kwa ajili ya sikukuu. Aliwakorogea uji, akakaa juu ya kigoda na kuwakodolea macho. Wakala wakalamba sahani. Kisha wakalala.

Alimkimbilia Epifania kumpasha habari kwamba wamelala wote, hata dume. Epifania alifikiri kidogo, akasema hata yeye akishiba hulala, ingawa ni zamani, hakumbuki vizuri inavyokuwa. Kesho yake simbilisi waliamka wakirukaruka na kupiga miluzi wakidai tena. Mwingine angetulia. Teodosia alitingisha kichwa: kumbe ndiyo ujanja wenyewe. Anawanenepesha kwanza. Hakuna mchinjaji anayekuja kuchukua mfupa. Akapita mlango kwa mlango, akawaeleza wanawake, na unga wote ukamwagwa mtoni. Wanaosema habari hii wanadai samaki wa mto ule mwaka huo walikuwa hawaingii kwenye wavu kwa unene.

Kisha miguu ya Wayta ikaanza kujaa.

Teodosia alifurahi. Alisema ni shayiri yake, ni mkono wake mzuri, ni mtoto anarudi. Miguu ikawa minene, halafu uso ukawa wa mviringo kama mwezi, macho yakawa madogo ndani yake. Lakini furaha ya Teodosia haikuwahi kukaa peke yake bila mashaka kuja kuisindikiza. Kama mtoto ananona kijiji kizima kikikonda, basi ndiye mumiani atakayemtafuta kwanza. Akaacha kumtoa nje. Alimfunika kwa blanketi nyuma ya magunia matupu, akawaambia majirani kwamba amempeleka kwa ndugu. Mtoto hakulalamika. Alikuwa amekoma kulalamika, na bibi akalihesabu hilo kuwa utii.

Asubuhi moja alikuwa akimvisha soksi, akambonyeza kidogo juu ya kifundo ili kidole kipite. Alipoondoa gumba, shimo lilibaki. Akangoja lijae. Halikujaa. Akabonyeza mguu wa pili, napo shimo likabaki likimtazama.

Teodosia alichunga kondoo maisha yake yote. Alikwisha kuona kondoo wenye maji chini ya kidevu, wanaoonekana wamenona ukiwa mbali, na ukimpasua huyo kondoo baada ya kufa humkuti na mafuta hata ya kupaka kidole. Mafuta hayaachi shimo. Alikaa pale chini na soksi mkononi, na kwa mara ya kwanza mashaka yake yalimgeukia yeye mwenyewe. Nani aliyepuliza pembe? Nani aliyemwaga unga mtoni? Alimwita mtoto kwa jina. Wayta akafungua jicho, akalifunga.

Akasikia pikipiki.

Hakupuliza pembe. Alitoka, akasimama katikati ya njia kabla ya nyumba za wengine, akampungia mkono Edilberto, akamwingiza jikoni kwa haraka. Lakini hata hapo, usidhani alimfungulia moyo. Alimkalisha, akampa viazi na pilipili ya kusaga, akamwambia ale mbele yake, maana mtu wa kula watu hawezi kuwa na hamu ya viazi vya aina ile. Kijana alikula vyote, na maganda, akafuta bakuli kwa kidole. Teodosia akaona hapo kuna jambo.

"Toa utepe wako," alimwambia. "Si ule wa watoto. Una mwingine?"

Alikuwa nao, mrefu, wa kupimia kina mama wajawazito.

"Vua koti. Nyoosha mkono."

"Mama, mimi ndiye mpimaji."

"Na mimi ndiye mwenye nyumba."

Alimzungushia mkononi mwenyewe. Hajui kusoma, lakini rangi hazitaki kusomwa. Nyekundu ilikuwa ya hatari, kijani ya salama, na mkono wa Edilberto ukaangukia ile ya katikati. Kijana aliona haya, akavaa koti, akasema kwa sauti ndogo kwamba hata kwao, ng'ambo ya mlima, mama yake analima viazi, na mbolea haikufika huko pia. Teodosia alimkazia macho. Ama huyu si mumiani, alisema, au ni mumiani asiyejua kazi.

Kisha akavuta blanketi.

Edilberto alipiga magoti. Hakutoa mizani. Alibonyeza mguu mmoja, akatazama shimo, akagusa nywele. Alipoinuka alisema uji hautoshi tena, huyu anataka dawa na maziwa maalumu ya zahanati, na anayataka leo. Akaongeza kwamba akiachwa mpaka kesho hana la kuahidi. Hakulainisha neno, na Teodosia, ambaye maisha yake yote alichukia maneno laini, alitamani safari hii mtu angemlainishia.

Alimfunga Wayta mgongoni kwa shuka, akapanda pikipiki nyuma ya kijana. Aliona ni afadhali hivyo: mumiani kama ana njaa aanze na bibi.

Hawakufika mbali. Kwenye kona ya mwisho ya kijiji wanawake walikuwa wameziba njia kwa mawe, na mbele yao Epifania, sketi mkono mmoja, kombeo la kuchungia mkono wa pili. Wengine walikuwa na fimbo. Walimwita Edilberto majina ambayo hayaandikiki. Epifania hakumtazama kijana. Alikuwa akimtazama shoga yake, na machozi yanamtoka.

"Amekunyunyizia, Teodosia. Shuka. Wewe mwenyewe ulitwambia, mtu akinyunyiziwa anamfuata kama kondoo na kumpenda. Na mtoto ulisema yuko kwa ndugu. Shuka, mama, tutakuosha kwa mkojo na vitunguu saumu."

Teodosia alifungua mdomo kuwaambia kwamba yalikuwa maneno yake tu, kwamba alikosea. Akaona haitafaa. Mtu aliyenyunyiziwa angesema hivyo hivyo. Alihisi mtoto mgongoni, joto dogo lisilotikisika. Basi akaingiza mkono ndani ya blauzi na kutoa kisu cha kumenyea viazi, akaigusisha ncha yake kwenye koti la Edilberto, sawasawa na figo.

"Nitazameni vizuri," alisema. "Nampenda? Namwamini? Kisu hiki kimepanda pikipiki kabla yangu. Njia ya zahanati ni kushoto penye daraja. Akikunja kulia mtamkuta darajani, na pikipiki mtaichukua nyinyi. Mtu aliyenyunyiziwa hubeba kisu?"

Wanawake walitazamana. Mmoja alisema kwamba, kusema kweli, huyo ni Teodosia kabisa. Mwingine akasema hata unga wa mifupa hauwezi kumfanya yule amwamini mtu. Epifania alipangusa pua, akazunguka nyuma ya pikipiki, akaifunua shuka, akaona ule uso wa mviringo. Teodosia akamwambia abonyeze mguu wa mtoto; akabonyeza, akaliona shimo. Alianza kuondoa mawe, na sketi yake ya juu ikaanguka, akairuka akaendelea.

"Mjukuu wangu naye, huko shimoni nilikomficha, amejaa miguu," alisema bila kugeuka. "Nilidhani ananona."

Edilberto alimwambia amtoe shimoni, amwandae, atarudi kumchukua kabla jua halijashuka. Kisha akawasha pikipiki.

"Mama," alisema, "mbele kuna matuta. Hicho kisu kishike vizuri."

Alikunja kushoto.

Zahanatini maziwa yalikuja katika vikombe vidogo, na muuguzi mnene, jambo ambalo Teodosia aliliandika moyoni mara moja, alieleza kwamba mtoto hapewi mengi kwa pupa. Teodosia aliuliza yametoka wapi. Akaambiwa mbali. Aliuliza huko mbali hakuna vita. Muuguzi akasema hajui, bibi. Basi Teodosia akawa anakinusa kila kikombe, anameza funda moja, anangoja aone kama atalala, ndipo anampa mjukuu. Muuguzi alichoka kugombana, akawa anajaza na cha bibi pembeni. Wanasema ndiye mgonjwa pekee wa zahanati ile aliyelazwa na kunenepa bila kuugua. Mjukuu wa Epifania aliletwa akalazwa kitanda cha pili, na Epifania akaanza naye kunusa.

Siku za mwanzo Wayta alimezeshwa kwa kijiko, macho yamefungwa. Miguu ikanywea ikabaki vijiti, na Teodosia akaogopa kuliko alipoiona imevimba. Alikesha akibonyeza, akitazama shimo linavyochukua muda mfupi zaidi kurudi, haamini, anabonyeza tena, mpaka mtoto akaanza kuurudisha mguu kwa hasira.

Mchana mmoja kikombe kilipoletwa bibi alikipokea kama kawaida, akakinusa, akakiinua mdomoni. Mkono mwembamba ukatoka chini ya blanketi, ukamnyang'anya.

"Changu," alisema Wayta, na akanywa chote bila kumbakizia hata povu.